Martin Van Buren, fundi wa chama aliyeletewa farasi kutoka kwetu

Msimu wa kampeni ukikaribia, duka langu la leso hapa Biashara Street, Mombasa, hugeuka ofisi ya chama. Waheshimiwa na wanaotaka kuwa waheshimiwa huja kuagiza leso zenye sura zao, na fulana, na kofia. Wengine hulipa papo hapo, wengine huahidi kulipa wakishatangazwa, na wakianguka huwaoni tena upande huu wa mji. Mbali na kuuza, nimekuwa ajenti wa kituo cha kura, nimepanga mikutano ya kina mama Majengo na Kisauni, na usiku wa mchujo nimeona wanaume wazima wakilia. Kwa hivyo nikisoma maisha ya kiongozi yeyote, hotuba zake hunipita tu. Ninachotaka kujua ni nani alihesabu wajumbe, nani alimwendea nani usiku, na nani alipewa kazi baadaye.

Kwa jicho hilo, rais wa Marekani anayenishughulisha kuliko wote wa karne ya 19 ni yule wa nane, Martin Van Buren. Usijilaumu kama humjui. Wengi wetu tulisomeshwa Lincoln, basi. Lakini chama cha siasa chenye matawi, wajumbe, gazeti lake, adhabu kwa msaliti na kazi kwa mwaminifu, huyu ni miongoni mwa mafundi wake wakubwa wa mwanzo. Na kuna sababu ya pili, ya huku kwetu: mwaka 1840, Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alipopeleka merikebu yake New York ikiwa na farasi na lulu, zawadi zile zilikuwa za Van Buren.

Alizaliwa tarehe 5 Disemba 1782 katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York. Nyumbani kwao walizungumza Kiholanzi, Kiingereza alikuja kujifunza baadaye, na mpaka leo ndiye rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Babake, Abraham, alikuwa mkulima mwenye nyumba ya wageni na pombe, kando ya barabara inayounganisha jiji la New York na Albany, makao makuu ya jimbo. Mawakili na wanasiasa wakilala hapo, wakila, wakinywa, wakisengenya. Mtoto mwenye masikio akikulia mahali kama pale hahitaji chuo, na kweli chuo hakuenda. Shule aliiacha kabla ya kutimiza miaka 14, akaingia ofisi ya wakili mmoja kijijini kama mwanagenzi, na mwaka 1803 akawa wakili kamili. Niongeze jambo moja ambalo wasifu mwingi hulipitia haraka: babake alimiliki watumwa sita. New York ya wakati ule ilikuwa bado ina utumwa, na kijana Martin alihudumiwa nao.

Alikuwa mfupi, msafi, mwenye nywele za rangi ya dhahabu iliyoiva, na mpole wa maneno kupita kiasi. Maadui walimwita mchawi mdogo na mbweha mwekundu. Mwaka 1812 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, akawa mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha mwaka 1821 akaenda Seneti ya taifa kule Washington. Sasa tazama ufundi. Kabla hajaondoka kwenda Washington alikuwa ameshaacha nyuma kundi la watu wake Albany, na hao ndio waliolishika jimbo zima. Kanuni yao ilikuwa hivi: mkutane ndani, mbishane ndani mpaka mchoke, lakini uamuzi ukishapita, mtoke mlangoni mkiwa na kauli moja. Anayekaidi hapati uteuzi tena. Anayetii, hata akishindwa kwenye kura, atatafutiwa ujaji, uaskari wa wilaya au usimamizi wa posta. Na kulikuwa na gazeti, Albany Argus, la kupeleka kauli hiyo kila kijiji.

Wazee walioasisi nchi ile, kuanzia Washington mwenyewe, waliviogopa vyama. Van Buren aliviona ni dawa: afadhali watu wagombane kwa chama kuliko wagombane kwa ukoo au kwa jimbo. Katika miaka ya 1827 na 1828 akawaunganisha wakulima wakubwa wa Kusini na watu wa kawaida wa Kaskazini nyuma ya Andrew Jackson, na hapo ndipo Chama cha Democratic kilipopata umbo. Umoja ule ulikuwa na sharti lake, ingawa halikutundikwa ukutani: habari ya utumwa isiguswe. Aliyejenga nyumba ndiye aliyeliweka sharti hilo kwenye msingi, na baadaye litamrudia.

Jackson aliposhinda urais, Van Buren naye alikuwa ameshachaguliwa gavana wa New York. Ugavana ule aliukalia miezi miwili na siku chache tu, akaitwa Washington kuwa waziri wa mambo ya nje. Na hapa ndipo ninapompenda.

Waziri wa vita wa Jackson, John Eaton, alikuwa amemwoa mwanamke aitwaye Peggy, binti wa mwenye nyumba ya wageni, mjane ambaye mji mzima ulikuwa ukimsema. Wake wa mawaziri wakamsusia. Hawamtembelei, hawamwaliki, akiingia ukumbini wanampa mgongo. Mke wa makamu wa rais, John Calhoun, alikuwa mstari wa mbele. Yeyote aliyeishi Mji wa Kale anaijua vita hii: hakuna tusi linalosemwa, ni kadi ya harusi tu haifiki. Jackson alimtetea Peggy mpaka serikali ikasimama kwa ajili ya nani kamtembelea nani. Mawaziri wenye wake walikuwa wamefungwa mikono. Van Buren alikuwa mjane, hana wa kumzuia sebuleni. Akaenda kumwamkia Bi Eaton, akamwandalia karamu, akacheka naye mbele ya watu. Mwaka 1831 akajiuzulu kwa hiari ili Jackson apate kisingizio cha kulivunja baraza zima la mawaziri na kuwaondoa watu wa Calhoun. Jackson hakulisahau hilo maisha yake yote.

Akapelekwa London kuwa balozi. Alipokuwa ameshafika na kuanza kazi, Seneti ikapiga kura kuhusu uteuzi wake, kura zikalingana, na Calhoun, kwa kura yake ya uenyekiti, akamwangusha. Alidhani amemzika. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1832 Jackson alimchukua Van Buren kuwa mgombea mwenza badala ya Calhoun, na mwaka 1836 akamwachia njia ya urais. Huwaambia vijana wanaokuja dukani wakitaka kumdhalilisha mpinzani hadharani: fikirini kwanza mnamtengenezea nani huruma.

Nimesema alikuwa mjane. Mkewe, Hannah Hoes, walikua pamoja Kinderhook, wakaoana mwaka 1807, wakalea wana wanne, na kifua kikuu kikamchukua mwaka 1819. Hakuoa tena, Ikulu ya Van Buren ilikuwa na mkwe wake, Angelica, kama mwenyeji wa wageni. Uzeeni, akiwa Italia, alianza kuandika kumbukumbu za maisha yake, kitabu kinene kilichokuja kuchapishwa mwaka 1920. Hannah hakutajwa humo hata mara moja. Watetezi wake husema ndiyo adabu ya wanaume wa wakati ule. Sawa, lakini nafasi ya kumweleza Calhoun aliipata tele.

Aliapishwa tarehe 4 Machi 1837. Mwaka huohuo, huku kwetu, Sayyid Said aliitia mkononi Ngome ya Mombasa na kuumaliza utawala wa Mazrui, na Wamarekani wakafungua ubalozi mdogo Unguja, kabla Waingereza hawajafanya hivyo. Van Buren hakupata hata muda wa kukizoea kiti. Tarehe 10 Mei mabenki ya New York yaligoma kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, na nchi nzima ikafuata. Chanzo kilianza kabla yake. Watu walikuwa wamekopa noti za benki na kununua ardhi ya magharibi kama wendawazimu. Mwaka 1836 Jackson akaamuru ardhi ya serikali ilipwe kwa dhahabu na fedha tupu. London nako mikopo ikabanwa, bei ya pamba ikaporomoka. Mzigo ulimwangukia aliyekuwa mlangoni.

Jibu lake lilikuwa la wakili: serikali iondoe fedha zake kwenye mabenki ya watu binafsi na kuziweka katika hazina yake yenyewe. Wazo halikuwa baya, ila sheria ilichukua mpaka Julai 1840 kupita, na mwenye njaa hakuona ndani yake hata kibaba cha unga. Kuwasaidia wafanyabiashara waliofilisika aliona si kazi ya serikali. Wakambadilisha jina kutoka Van Buren kuwa Van Ruin, yaani Van Maangamizi. Mema yake yapo, tusimnyime: alikataa kuiingiza Texas katika Marekani ili asianzishe vita na Mexico, akatuliza ugomvi wa mpaka na Waingereza wa Kanada, na Machi 1840 akaamuru vibarua wa kazi za serikali wasifanyishwe kazi zaidi ya saa kumi kwa siku.

Lakini mwaka 1838, chini ya amri yake, jeshi liliwatoa Wacherokee kwenye ardhi yao na kuwapeleka magharibi ya Mto Mississippi. Sera ilikuwa ya Jackson, utekelezaji ulikuwa wake. Waliotolewa walikuwa kiasi cha 16,000, na inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa, kambini na njiani. Pale upole wake wa maneno haumsaidii kitu.

Kisha ikaja Amistad. Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka upande wa Sierra Leone, walikuwa wakisafirishwa kutoka Havana, Cuba, iliyokuwa koloni la Hispania, ndani ya jahazi hilo. Wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakavunja minyororo na kulitwaa. Walitaka warudishwe kwao. Wahispania waliobakishwa waendeshe chombo wakawazungusha baharini mpaka karibu na New York, wakakamatwa na manowari ya Marekani na kufungwa jela Connecticut. Hispania ikadai irudishiwe "mali" yake. Van Buren, mwenye uchaguzi mbele na Kusini ya kubembeleza, akaegemea upande wa Hispania. Januari 1840, hukumu ikisubiriwa, alikuwa ameshatia saini amri, na meli ya kivita Grampus imeshatia nanga New Haven, tayari kuwapakia watu wale kwenda Cuba kabla mawakili wao hawajapata nafasi ya kukata rufaa. Jaji, mtu wa chama chao wenyewe, akaamua kwamba watu hawa walitekwa kinyume cha sheria, ni huru. Serikali ndiyo iliyokata rufaa. John Quincy Adams, rais wa zamani, mzee wa miaka 73, akasimama Mahakama ya Juu kuwatetea, na tarehe 9 Machi 1841 wakashinda.

Kati ya hukumu ya kwanza na ya mwisho, ndipo merikebu ya Sayyid Said ilipofika. Sultana iling'oa nanga Unguja Februari 1840 na kuingia New York tarehe 30 Aprili. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sayyid Said, mmoja wa wajumbe wa mwanzo kutoka dola ya Kiarabu kufika Marekani. Mkataba wa biashara ulikuwa umeshatiwa saini Muscat mwaka 1833, na manahodha wa Salem walikuwa wakija Unguja kuchukua pembe na sandarusi na kuacha kile kitambaa kizito cha pamba ambacho bibi zetu walikiita marekani. (Wazee wakija dukani bado hukiulizia kwa jina hilo, na wakipewa cha siku hizi hukisugua kwa vidole na kuguna.) Safari hii ilikuwa zamu yetu kupeleka: pembe, karafuu, tende, kahawa, ngozi, mazulia.

Watu wa New York walijaa bandarini kutazama vilemba. Baraza la mji likamtembeza mgeni, mchoraji Edward Mooney akamchora, na serikali ikaitengeneza merikebu bure katika karakana ya jeshi la majini, Brooklyn. Na za rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu zilizotungwa, kipande cha dhahabu, zulia la Kiajemi, shali za Kashmiri, mafuta ya waridi, upanga uliopambwa dhahabu. Tatizo ni kwamba katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge. Van Buren akalipeleka jambo Bungeni, na Bunge likaamua vitu viuzwe na fedha ziingie hazina. Baadhi vikabaki kuhifadhiwa kama mali ya taifa.

Kijana wa kaka yangu, ambaye anaunyemelea uwakilishi wadi, alinikatiza hapa nilipokuwa nikimsimulia.

"Shangazi, farasi wawili na lulu, halafu aende kuuliza?"

"Kifungu cha 76 cha katiba yetu kinasema hivyohivyo, mwanangu. Zawadi ya hadhara ni ya Jamhuri."

"Kinasema," akajibu, akacheka.

Mimi kinachoniuma si lulu. Ni kwamba katika miezi ileile, mgeni mmoja kutoka Afrika alikuwa akichorwa picha na kulishwa New York, na wengine kadhaa wako jela mwendo mfupi kutoka hapo, serikali moja ikimheshimu huyu na kuwapigania wale warudishwe utumwani. Wala tusijisafishe. Karafuu zilizokuwamo Sultana zililimwa Unguja na Pemba kwa mikono ya watumwa, na Sayyid Said ndiye aliyekuwa mwenye mashamba makubwa kuliko wote. Anayetaka kujua waliopitia pwani hii aende Kengeleni awaulize wazee wa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, babu zao walifikaje pale. Van Buren na Sayyid Said wangeelewana vizuri sana wangekutana. Wote wawili walikuwa na adabu njema na hesabu kali.

Sultana ilipoondoka mwezi Agosti, Marekani ilikuwa imeshaingia wazimu wa kampeni, na hii ndiyo sehemu ninayoisoma kama mtu wa biashara. Chama pinzani cha Whig kilimsimamisha Jenerali mzee, William Henry Harrison. Gazeti moja la upande wa Van Buren likamkejeli: mpeni pipa la pombe ya matofaa na pensheni, atajikalia zake kwenye kibanda cha magogo. Whig wakaliokota tusi, wakalifanya bendera. Vibanda vya magogo vikajengwa kwenye mikutano, pombe ya bure ikamwagwa, nyimbo zikatungwa, vikombe, vifungo na vitambaa vya mkononi vikachapwa picha ya kibanda. Vitambaa, nasema! Ningekuwepo ningetajirika. Huku mbunge Charles Ogle akisimama Bungeni siku tatu kueleza vijiko vya dhahabu na samani za Ikulu, ingawa vyombo vingi vilinunuliwa na marais waliomtangulia Van Buren.

Harrison alizaliwa Virginia katika jumba la shamba kubwa, na babake alitia saini tangazo la uhuru wa Marekani. Mtoto wa mwenye baa alikuwa Van Buren. Haikusaidia. Karibu asilimia 80 ya waliokuwa na haki ya kupiga kura walijitokeza, Harrison akapata kura 234 za wajumbe wanaomchagua rais na Van Buren 60. New York, jimbo alilolijenga kwa mkono wake, likamtupa. Matawi, gazeti, mikutano, zawadi ndogondogo: vyote alivyowafundisha watu wake, wapinzani walikuwa wameshavijua, tena na ngoma juu.

Alirudi Kinderhook kwenye shamba lake, Lindenwald, lakini fundi hakustaafu. Mwaka 1844 aliutaka tena uteuzi, na katika mkutano wa chama Baltimore alipata zaidi ya nusu ya wajumbe kwenye duru ya kwanza. Haikutosha. Kanuni ilidai theluthi mbili, na kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 1832, katika mkutano uleule uliomteua yeye kuwa mgombea mwenza. Kusini walikuwa na hasira kwa sababu alipinga tena kuichukua Texas. Tiketi akapewa James Polk.

Mwaka 1848 akahama. Akagombea kwa chama kipya, Free Soil, kilichopinga kuenezwa kwa utumwa kwenye ardhi mpya za magharibi. Mgombea mwenza wake alikuwa Charles Francis Adams, mtoto wa mzee yule aliyewatetea watu wa Amistad dhidi ya serikali ya Van Buren. Alipata kiasi cha asilimia 10 ya kura, hakushinda hata jimbo moja, na mgombea wa chama chake cha zamani akaanguka. Alikufa tarehe 24 Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, akiwa upande wa Lincoln.

Je, lile la 1848 lilikuwa dhamiri au kisasi? Kijana wangu anasema kisasi kitupu: walimnyima tiketi, akawavunjia nyumba. Mimi nasema vilikuwamo vyote viwili, na kwa mtu aliyeweka lile sharti la kutougusa utumwa, kulivunja kwa sababu yoyote ni bora kuliko kufa nalo. Tumebishana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho akaniuliza, kama hakuchukua jimbo hata moja, zile gharama za kampeni nani alizilipa.